Ukuta mmoja, lango lipi?

Mwezi wa Kiyahudi unapoandama, wanachama wa Wanawake wa Ukuta, kundi lililoanza Desemba 1988, hufika asubuhi Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa Wayahudi huko Yerusalemu, penye sehemu ya wanaume na ya wanawake, kusali kwa sauti. Siku hiyo watu 4 huitwa mmoja mmoja kwenye Torati kusoma Hesabu 28:1-15. Hapo ndipo pana kazi. Magombo ya Torati, yaani nakala zake za kukunjwa zilizoandikwa kwa mkono, yapo tele upande wa wanaume, ila kanuni ya msimamizi wa Ukuta hairuhusu mtu kuja na gombo lake kutoka nje. Kwa hiyo wanawake huliingiza kwa siri, ama wasome bila hilo. Suala la wanawake kuvaa shali za sala, ambazo kwa desturi ni vazi la wanaume, lilipata jibu Aprili 2013: mahakama ya wilaya iliona kuwa kuzivaa si kuvunja desturi ya mahali.

Januari 2016 serikali ilipitisha mapatano: uwanja wa kusini, penye Tao la Robinson (mabaki ya tao la kale), upanuliwe kwa ajili ya sala ya wanaume na wanawake pamoja, lango liwe moja, na Wareforma na Wakonsevativu, madhehebu ya Kiyahudi yasiyo ya Kiothodoksi, wawe kwenye baraza la kuusimamia. Juni 2017, baada ya shinikizo la vyama vya Wayahudi Waothodoksi wenye msimamo mkali, yakasimamishwa. Kwa maoni yangu, kilichowauma zaidi ni kile kiti barazani, maana ni kutambuliwa rasmi.

Jukwaa la sala la uwanja huo wa kusini bado linatumika. Lakini Julai 2018 jiwe la takriban kilo 100 liliporomoka hapo, na njia ya kufikia mawe ya Ukuta ikafungwa.