Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani na wogo za skauti

Mimi nashona yunifomu hapa Likoni, na jioni ni kiongozi wa skauti shule ya msingi ya jirani, sasa watu wakiniona na kifuu mkono mmoja na msumeno mkono wa pili wanauliza fundi umehama kazi ama vipi. Wogo ni ile pete ya kushikia skafu shingoni na zangu natengeneza mwenyewe. Hii ni alhamisi.

Saa kumi na mbili asubuhi. Vifuu napewa bure na mama wa mbaazi na mahamri. Nakata kipande saizi ya kiberiti, napiga msasa wa chenga halafu ule laini, nafunga leso puani maana vumbi la kifuu linakaba kweli, kisha nasugua mafuta ya nazi mpaka king'ae. Nyuma nabandika pete ya bomba la plastiki, na hapo lazima ukwaruze pande zote mbili kwanza, gundi haishiki kitu laini.

Saa mbili niko dukani. Leo nimebadilisha mkanda wa cherehani ya miguu, ule wa ngozi, na wa zamani siutupi ng'o. Wogo ya ngozi ya Gilwell Park, kituo cha mafunzo ya viongozi wa skauti kule Uingereza, ilianza hivyo hivyo miaka ya 1920, Bill Shankley alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya pale, akachukua mkanda mwembamba wa cherehani akaufunga fundo la mabaharia. Nikisoma habari hiyo huwa natabasamu peke yangu, kumbe ni mwenzetu.

Saa sita wateja wamepungua. Nauloweka mkanda maji ya vuguvugu ulainike, nazungusha kwenye bomba, nasuka kama nywele za mikia mitatu mpaka ncha zikutane, halafu narudia njia ile ile mara ya pili bila kupinda. Naiacha ikauke hapo hapo kwenye bomba, ukiitoa mbichi inalegea. Kijana mmoja kaja kuchukua suruali akaiona, "Fundi, niuzie hiyo, nitakupa mia tano." Nikamwambia kaka hii haiuzwi, hii anavaa kiongozi aliyemaliza mafunzo, chukua ya kifuu. Akaona namringia. Basi.

Saa kumi, shuleni. Tunasalimiana mkono wa kushoto kisha kazi. Watoto wanatumia patipati zilizochakaa, unakata kipande, unatoboa tundu mbili unapitisha skafu, rangi zake zenyewe ni pambo. Kamba ya mkonge pia wanasuka. Mimi pambo siangalii sana, naangalia inashika? Kila mtu anavaa, anaruka, anainama, ikiteleza anarudi kupunguza tundu. Kuna binti katengeneza samaki mwenye mapezi na macho ya shanga, mzuri mno, akaruka mara moja samaki huyo chini. "Mwalimu, si nisiruke tu?" Tulicheka wote, lakini alirudi kukata.

Saa mbili usiku nachambua wogo za kwenda nazo Nyeri, kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki 1941, skauti hukusanyika huko karibu na 22 Februari, siku yake ya kuzaliwa. Pale hatuuziani, tunabadilishana. Za kifuu wa bara wanazigombania, mimi nataka za mianzi, na mama watoto ameshaniagizia moja ya pembe ya ng'ombe, eti ya kubania leso.