Nani Atamfuta Waziri wa Mseto?

Katika bunge la kuigiza linaloandaliwa na chama chetu cha mdahalo, uchaguzi wa safari hii haukumpa yeyote wingi wa viti: kati ya viti 60, chama kikubwa kilipata 26, na kikalazimika kukibembeleza chama kidogo chenye viti 8. Mimi nilikuwa karani wa mazungumzo.

Wajumbe walivutana sana kuhusu wizara. Chama kidogo kiling'ang'ania Fedha, kikijua fika kwamba bila kura zake hakuna serikali, nacho kikubwa kikapendekeza Wizara ya Afya ipasuliwe mara mbili ili kipatikane kiti cha ziada cha kugawa. Ujanja huo si mgeni. Serikali ya nusu mkate, yaani ya mseto, iliyoundwa nchini Kenya mwaka 2008 na Rais Mwai Kibaki wa chama cha PNU na Waziri Mkuu Raila Odinga wa chama cha ODM, ilikuwa na Wizara ya Huduma za Matibabu chini ya Anyang' Nyong'o wa ODM, na Wizara ya Afya ya Umma na Usafi chini ya Beth Mugo wa PNU.

Kilichonikosesha raha ni kwamba rasimu ya mkataba wetu haikusema popote nani anaweza kumwondoa waziri. Sheria iliyotokana na mkataba wa Kibaki na Raila wa Februari 28, 2008 ilitamka kwamba waziri aliyependekezwa na chama hataondolewa bila mashauriano na idhini ya maandishi ya kiongozi wa chama hicho, lakini pia ilimpa Waziri Mkuu mamlaka ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Je, kusimamia ni pamoja na kumsimamisha mtu kazi? Februari 2010 Raila aliona ni pamoja, akatangaza kuwasimamisha William Ruto wa Kilimo na Sam Ongeri wa Elimu kwa miezi mitatu kutokana na kashfa za mahindi na fedha za elimu. Kibaki akaubatilisha uamuzi huo, na mawaziri wote wawili wakabaki ofisini.

Nilipowasomea wajumbe kisa hicho, ubishi ulihama. Chama kidogo kiliiachia Fedha, kikapewa kifungu kinachosema kwamba waziri wake akifutwa, chenyewe ndicho kitakachomteua mrithi ndani ya siku saba. Mkataba ulipita kwa kura 33 tu: mbunge mmoja wa chama kidogo alisusia, kwa kuwa bado aliitaka Fedha.