Matumizi hadharani, michango sirini

Kila ukoo wetu unapoanza kupanga kukutana, swali la kwanza kwenye kundi la simu huwa ni lilelile: mchango ni kiasi gani kwa kichwa? Mimi ndiye mweka hazina, na silijibu swali hilo kabla sijajua vichwa vyenyewe ni vya nani.

Tumetawanyika katika nchi mbalimbali na kila mtu anahesabu kwa fedha za anakoishi. Kwa hiyo makadirio ya kwanza huyaandika kwa namba tupu. Tuseme ukumbi, viti, tenti na vipaza sauti ni 600 kwa jumla, tuje wengi tuje wachache. Chakula na vinywaji ni 4 kwa kila mtu. Tukiwa 100, jumla ni 1,000, yaani 10 kwa kila mmoja. Tukishuka hadi 60, zile 600 zinabaki palepale na kila mmoja anabeba 14. Tukifika 150, inashuka hadi 8. Ndiyo maana nawasumbua watu wathibitishe mapema. Anayejitoa siku za mwisho hapunguzi gharama ya ukumbi hata kidogo, anawaachia wenzake fungu lake.

Lakini ile 10 bado si mchango, na hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Katika watu 100, tuseme 50 ni watu wazima wenye kipato, 20 ni wanafunzi na vijana wanaotafuta kazi, 20 ni watoto wadogo na 10 ni wazee wetu. Tumekubaliana kwamba wazee na watoto hawachangi, na vijana wanatoa nusu. Hapo mafungu kamili ni 60. Ongeza akiba ya dharura ya asilimia 10, jumla inakuwa 1,100. Gawanya kwa 60, unapata 18 na ushee. Sasa chukulia kwamba katika wale 50 wapo 10 ambao mwaka huo mambo yamewakalia vibaya: aliyepoteza kazi, anayeuguza, aliyetoka kuzika. Yanabaki mafungu 50, na fungu moja ni 22. Hiyo 22 ndiyo namba ninayoipeleka kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Kutangaza 10 halafu kurudi katikati ya mwaka kuomba nyongeza kunavunja imani, hata kama hakuna aliyekula hela ya mtu.

Ukiwa na mwaka mzima mbele yako, 22 inabebeka. Kwa miezi 11 ni 2 kila mwezi, na mwezi wa 12 unabaki wa kukamilisha malipo. Mtu huyohuyo akiambiwa miezi miwili kabla, anatakiwa kutoa 11 kwa mwezi, na hapo nyumba yenye wachangiaji watatu inaanza kutafuta sababu ya kutokuja. Kutaja tarehe mapema ni jambo la fedha kabisa, ingawa kwenye vikao vyetu hupewa dakika tano mwishoni, watu wakiwa wameshasimama.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu zaidi. Kwetu ilikuwa kawaida kuweka orodha kwenye kundi: jina, ahadi, alichotoa, deni. Inasasishwa kila Jumapili. Baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wetu na mtu ninayemheshimu sana, anaamini orodha ile ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma watu kulipa. Ni kweli iliwasukuma waliokuwa nazo. Wale wasiokuwa nazo iliwafukuza. Nina binamu ambaye jina lake lilikaa na sifuri kwa wiki nyingi mbele ya watoto wake, mbele ya mashemeji, mbele ya wakwe. Hakuja. Mwaka uliofuata hakuja pia, wala simu hakupokea. Tulikuwa tunakusanya fedha ili ukoo ukutane, na njia yetu ya kukusanya ikampunguza mmoja wetu.

Nilimwendea baba mdogo nyumbani, tukakaa, nikamweleza kwa utaratibu. Nikamwambia: "Baba, kila senti inayotoka iwe wazi hata kwa mtoto, lakini kila senti inayoingia tuijue mimi na wewe tu." Hakukubali siku hiyo. Aliuliza swali la haki: watu watajuaje kwamba mweka hazina haandiki anavyotaka? Jibu tulilofikia ndilo tunalotumia hadi leo. Kila anayetuma mchango anapata risiti yake mwenyewe yenye namba ya mfululizo. Kwenye kundi naweka jumla tu, pamoja na namba ya risiti ya mwisho. Akaunti ina watia saini wawili, na shangazi mmoja ambaye hayumo kwenye kamati anapitia daftari kila baada ya miezi mitatu, akilinganisha risiti na taarifa ya benki. Upande wa matumizi hatufichi chochote: kila ankara inapigwa picha na kuwekwa kundini siku hiyohiyo.

Tuna pia kitu tunachokiita fungu la ziada. Mwenye uwezo anaweza kulipa mafungu mawili au matatu bila kusema ni ya nani. Sijawahi kumwambia mtu nani alimlipia, na sitamwambia. Kuna nyumba ambazo zimehudhuria kwa njia hiyo, zikala, zikacheza, zikaimba, na hakuna aliyezitazama kwa jicho la pembeni. Kwangu hilo lina thamani kuliko tenti zuri.

Tusisahau kwamba mchango ni sehemu tu ya gharama. Familia ya watu sita inayotoka mbali inaweza kutumia nauli mara kadhaa ya mchango wake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali, huwa naomba kila nyumba inipe makadirio ya nauli kwa kila pendekezo, kisha najumlisha ya ukoo mzima. Mara nyingi panapoonekana kuwa katikati kwenye ramani si pa nafuu, kwa sababu hapana usafiri wa moja kwa moja. Na walipo wazee huwa pana faida mbili: hawasafiri, na hatulipi gharama za mtu wa kuwasindikiza. Lakini nyumba mwenyeji nayo ina gharama zisizosemwa: maji, umeme, magodoro ya kuazima, usafi wa siku tatu baada ya wageni kuondoka. Hizo ziandikwe kwenye bajeti kama ukumbi unavyoandikwa. Mwenyeji hatazidai mwenyewe, ataona haya.

Kuhusu mpangilio wa malipo, naandika mahitaji kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni paa, chakula, maji, vyoo, mahali pa kulala na usafiri wa wazee. Ya pili ni muziki, mpiga picha, michezo ya watoto. Ya tatu ni fulana na zawadi. Ngazi ya pili haiguswi mpaka ya kwanza iwe imefunikwa na fedha zilizokwisha kuingia, na ahadi sizihesabu kama fedha. Vijana hunung'unika kuhusu fulana kila mara. Mwaka mmoja walijikusanyia wenyewe, wakachora nembo wenyewe, na zilipendeza kuliko zozote ambazo kamati ingeagiza.

Ukumbi, kabla ya kutoa malipo ya awali, nauliza mambo ambayo lazima yawe kwenye maandishi: tukiahirisha tunarudishiwa kiasi gani na hadi tarehe gani, vilivyomo kwenye bei ni vipi, tunatakiwa kutoka saa ngapi, na kikivunjika kitu analipa nani. Saa ya kutoka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sherehe za ukoo huchelewa kuanza, na saa za nyongeza hutozwa kwa bei ya juu. Kwa wapishi nauliza siku ya mwisho ya kupokea idadi kamili, kisha nawatangazia ndugu tarehe iliyo wiki mbili kabla ya hiyo. Zile wiki mbili ni za kumpigia mtu mmoja mmoja, kwa sababu "tutakuja" ya kwenye kundi inaweza kuwa watu wawili au saba. Ninapopiga nauliza pia nani ana mzio wa chakula, nani anatumia dawa zinazohitaji jokofu, nani hawezi kupanda ngazi, na nani atalala wapi. Wengi hufurahi kuulizwa. Kuna mama mkubwa ambaye ndivyo tulivyojua kwamba haoni vizuri usiku, tukabadilisha ratiba ili salamu za wazee zitangulie mchana.

Akiba ya dharura hailiwi kwa sababu tu ipo. Inatoka kwa idhini ya watu watatu, na kwa jambo ambalo halikuweza kutabirika. Mvua kubwa ni dharura. Kutamani keki kubwa zaidi si dharura, hata anayetamani akiwa mwenyekiti, na baba mdogo mwenyewe aliniunga mkono siku nilipolisema hilo kikaoni.

Baada ya mkusanyiko natoa taarifa ya ukurasa mmoja ndani ya wiki mbili: kilichoingia, kilichotoka kwa mafungu makuu, kilichobaki. Watu wakiipata wakati picha bado zinatumwa, mchango wa safari ijayo unaanza bila kusukumwa. Safari iliyopita tulibakiwa na salio dogo. Yalitolewa mapendekezo mengi, mengine mazuri, na kikao kikaamua liwe mwanzo wa mfuko wa nauli kwa nyumba zilizoshindwa kufika. Maombi yanakuja kwangu moja kwa moja, kwa simu, na majina yanabaki kwenye daftari. Mpaka sasa nimeshapokea matatu.