Kijiko kifike mdomoni, kisha subiri

Kumlaza mtoto mapajani, kumbana mikono na kummiminia uji kinywani bado kunafanyika kwenye nyumba nyingi, na mara nyingi anayefanya hivyo anaogopa tu mwanawe asikonde. Lakini mtoto akilia akiwa chali huvuta pumzi kwa nguvu, na uji unaweza kumpalia hadi mapafuni. Kesho yake akikiona kijiko tu, anafumba mdomo.

Mkalishe wima, mtazamane. Kijiko kikifika karibu na mdomo wa chini, kisimamishe, mwambie "haya, uji huu", umsubiri afungue mwenyewe. Usimkwangulie kwenye ufizi wa juu. Midomo yake ijifunze kuukomba. Akigeuza kichwa, pumzika, mwongeleshe, jaribu tena. Akiendelea kukataa, huenda ameshiba, na ni vizuri ajue kwamba umemwelewa.

Uji uwe mzito: ukiinamisha kijiko udondoke taratibu, usichuruzike. Tumbo la mtoto wa miezi 8 hubeba takriban mililita 200 tu, na maji yakishajaa humo, chakula kinakosa nafasi. Shida ni kwamba uji mzito ukipoa unagandamana, ndipo watu wanapoongeza maji. Badala yake tia kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi ungali moto, koroga. Utalegea ndani ya dakika chache kwa sababu kimea huvunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena, maana nafaka iliyochipuzwa hubeba vijidudu. Karanga iliyosagwa laini au unga wa dagaa uingie humo humo.

Miezi 6 anza na vijiko vya chakula 2 hadi 3 kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku. Panda polepole hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 iwe mara 3 au 4. Maziwa ya mama yanaendelea.

Miezi 9 hivi, mwekee mbele yake vipande vya papai au kiazi kitamu kilichoiva hadi kubonyea kwa vidole. Karanga nzima, hapana kabisa. Mwanzoni atavikumba kwa kiganja kizima na nusu itaishia sakafuni. Usimfute mikono kila mara. Kaa karibu uangalie kidole gumba na cha shahada: siku vinapokutana na kunyanyua kipande kimoja, kitaje, "papai", naye atakutazama kabla ya kukitia mdomoni.