Nilivyotoa vipande 40 vya uvimbe kwenye benki ya sampuli

Ombi lenyewe lilikuwa fupi. Watafiti wa saratani ya matiti walitaka vipande 40 vya uvimbe vilivyogandishwa, kila kimoja kiambatane na damu ya mgonjwa yuleyule ili waweze kutenganisha kasoro za jeni zilizozuka ndani ya uvimbe na zile alizozaliwa nazo mtu. Nilikuwa na miezi mitano kazini kwenye benki ya sampuli, yaani ghala la tishu na damu za wagonjwa zinazotunzwa kwa ajili ya utafiti. Nikajua ni kufungua friza, kuhesabu na kufunga sanduku. Ilinichukua wiki 11.

Nilichagua namba 52, maana niliambiwa mapema kwamba nyingine zitadondoka njiani. Nasema namba kwa sababu kwenye vichupa vyetu hakuna jina la mtu. Kuna msimbo tu, na orodha inayounganisha msimbo na mgonjwa inatunzwa na dada mmoja ambaye hana hata ufunguo wa chumba cha mafriza. Mtafiti hupewa umri, aina ya uvimbe, hatua ya ugonjwa na dawa alizotumia mgonjwa, basi.

Dada yule alinirudishia namba 49. Wagonjwa wawili walikuwa wameridhia tishu zao zitumike ndani ya taasisi tu. Wa tatu alikuwa ameondoa ridhaa yake kabisa, lakini barua yake ilifika ofisini ikaishia kwenye faili, na kichupa chake kikabaki kwenye tangi la nitrojeni ya baridi kali kana kwamba hakusema kitu. Mafunzoni tulisimuliwa habari za Henrietta Lacks, ambaye seli za uvimbe wake zilichukuliwa mwaka 1951 huko Baltimore bila ya yeye kuulizwa, zikasambaa kwenye maabara duniani kote. Niliisikiliza kama hadithi ya kale. Siku ile nilikitoa kichupa kwa mkono wangu, kikateketezwa mbele ya mashahidi wawili, na usiku sikulala vizuri.

Zikafuata darubini. Kipande kinachoonekana kwa macho kuwa ni uvimbe mtupu kinaweza kuwa mafuta na kovu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo daktari wa patholojia alikata utando mwembamba wa kila kimoja, akautia rangi na kukadiria seli za saratani. Watafiti walitaka zisipungue asilimia 60. Tisa zikaanguka. Zikabaki 40 kamili, nami nikashusha pumzi mapema mno.

Fomu zetu zina nafasi mbili za saa: saa uvimbe ulipotolewa mwilini na saa ulipogandishwa. Katikati hapo ndipo sampuli inapoharibika. Tishu iliyokatiwa damu haifi papo hapo. Seli zinahangaika, jeni nyingine zinawaka na nyingine kuzimika, na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni ndani ya seli, inaanza kukatikakatika. Ukigandisha umechelewa, unahifadhi ule uharibifu kwa uaminifu mkubwa. Kwenye fomu sita, nafasi ya pili ilikuwa tupu.

Nikamwendea fundi mkongwe wa maabara. “Kaka, hizi zilikaa dakika ngapi?”

Akacheka. “Andika thelathini. Kila mtu huandika thelathini.”

Simlaumu sana. Wakati ule alikuwa peke yake, na wapasuaji hawamsubiri mtu wa fomu. Lakini nilijaza “haijulikani” mara sita, nikawaandikia watafiti na kuwaachia uamuzi. Wakasema zitumwe.

Mkataba wa kuhamisha sampuli sitausimulia. Wanasheria walivutana wiki nne juu ya nani atamiliki matokeo, na mwishowe wakakubaliana kwamba watafiti hawatampa mtu mwingine tishu, mabaki yatateketezwa, na data itarudi kwetu. Sharti moja nililipenda: kila uvimbe hugawanywa mapema, na kipande cha mwisho hakitoki kwenye benki, aombe nani.

Siku ya kufunga nilifanya kazi juu ya sinia la barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa. Kutoka kwenye tangi la nitrojeni, penye baridi ya karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, kichupa kinapata ukungu mara moja na msimbo hausomeki. Unaufuta kwa glavu, unasoma, unakizamisha, unachukua kingine. Sanduku halifungwi likakaza, kwa sababu barafu kavu haiyeyuki kuwa maji bali inageuka gesi, na gesi isipopata upenyo italipasua. Madirisha nayo yawe wazi, hewa ile inaweza kukulevya. Niliweka kifaa cha kurekodi joto katikati ya vichupa na kutuma Jumatatu, ili hata ndege ikichelewa sanduku lisilale ghalani wikiendi nzima.

Lilifika siku ya tatu. Joto halikuwa limepanda kupita nyuzi 70 chini ya sifuri. Baada ya mwezi zikaja alama za ubora wa RNA, zinazopimwa kuanzia 1, iliyoharibika kabisa, hadi 10, iliyo nzima. Karibu zote zenye saa kamili zilipita 7. Kati ya zile sita, mbili zilipata 8 na nne hazikufika 5.

Siku hizi mimi ndiye ninayesimama mlangoni pa chumba cha upasuaji na chombo cha nitrojeni. Fundi mkongwe ananitania kwamba nimekuwa mpiga filimbi wa mpira. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye fomu, isipotee.