Ruta mbili nyumba moja: jinsi nilivyoifanya printa ionekane vyumba vyote

Dalili ilikuwa hivi: intaneti inafika nyumba nzima, lakini laptopu ikiwa chumba cha nyuma haiioni printa ya sebuleni. Ukihamia sebuleni, inachapa bila shida. Nilizima na kuwasha kila kitu, nikasakinisha printa upya, nikazipa ruta zote jina moja la waifai. Wapi!

Kumbe ruta ya pili ilikuwa inajitengenezea mtandao wake. Ya sebuleni inagawa anwani (namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao) zinazoanza na 192.168.1, ya nyuma inagawa zinazoanza na 192.168.0. Nyumba moja, mitandao miwili.

Kwanza niliunganisha laptopu kwa waya kwenye ruta ya nyuma, nikaipa ruta hiyo anwani 192.168.1.2, kwa kuwa ya sebuleni ni 192.168.1.1. Nikaingia tena kwenye mipangilio yake kwa anwani mpya, nikazima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Fuata mpangilio huo. Ukianza kuzima DHCP, laptopu inaweza kukosa anwani ukashindwa kurudi kwenye mipangilio.

Halafu kile kidogo kilichomaliza kazi: waya unaotoka sebuleni niliuchomoa kwenye tundu la WAN la ruta ya nyuma (la kupokea intaneti), lile ambalo mara nyingi lina rangi ya peke yake, nikauchomeka kwenye tundu lake mojawapo la LAN (la kuunganisha vifaa vya ndani). La WAN libaki tupu kabisa.

Nikawasha upya laptopu na printa, zikaonana papo hapo. Waya wenyewe ni ule bapa, unapita chini ya mlango, kwa hiyo ukuta wa mwenye nyumba haukutobolewa.