Gia ya tatu sasa inaingia safi
Jamani leo nimefurahi kweli. Gari yangu ya otomatiki ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu ilikuwa inateleza kwanza halafu inaingia kwa kishindo, nikajua gia boksi ndo basi tena. Nikarekodi data kwa laptopu, mizunguko ya injini, throto (yaani umekanyaga mafuta kiasi gani), joto la oili ya gia, nikaona mizunguko inaruka kama 300 hivi katikati ya kubadilisha, na ni pale tu throto ikifika karibu asilimia 40, kwingine kote poa. Basi nikaongeza presha ya oili ya gia, ile inayobana gia isiteleze, sehemu hiyo tu, kidogo kidogo, oili ikiwa imeshapata moto maana ikiwa ya baridi data inakudanganya. Ukiongeza kote gia zitaanza kugonga hata ukienda taratibu. Sasa hivi gia ikibadilika mshale wa mizunguko unashuka moja kwa moja, hauruki tena.